Bom Dia ya Kila Mji

Zamani hapa Maputo mtu hakuwa na haja ya kukuambia kwao ni wapi. Alisema *bom dia* tu, ikatosha. Wa Nampula alikuwa na yake, wa Gaza na yake, sisi wa pwani ya kaskazini na yetu. Mreno wa Lisbon aliipitisha haraka midomo ikiwa karibu kufunga, na Mbrazili wa Rio aliigeuza *bon jia* akikutabasamia. Ungesimama soko la Xipamanine ukiwa umefumba macho, katikati ya harufu ya dagaa na mafuta ya kukaangia, na masikio yakakuambia huyu ametoka wapi, yule kasoma kwa nani. Siku hizi napanda chapa, ndiyo daladala yetu huku, nasikiliza vijana kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na mara nyingi nashuka bila kujua hata mmoja wao ni wa wapi.

Keti basi nikusimulie, chai ipo.

Nimezaliwa Mocímboa da Praia, kwenye mkoa wa Cabo Delgado, mji ambao mtu wa Mtwara au Kilwa akifika hapotei. Kuna minazi, kofia za viua, pweza wa kuanikwa, na Kimwani chetu ambacho Mswahili akituliza sikio anatambua maneno yake mengi. Enzi hizo Kireno kilikuwa cha watu wachache: mkuu wa wilaya, mwenye duka, padri. Baba yangu alikuwa na Kireno cha kulipia kodi, basi. Kodi ni *imposto*, na baba aliitamka *imposhito*. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa jinsi sikio lake lilivyokuwa kali. Mreno wa Ureno *s* iliyo mbele ya *t* huitamka *sh*, na baba aliinasa hiyo *sh* barabara. Ila Kimwani, kama Kiswahili, hakipendi konsonanti zibanane, kwa hiyo akaweka *i* katikati ili neno lipumue. Wenye kujua walimcheka. Mimi leo nikilisikia neno lile la baba, nasikia mtu aliyesikiliza vizuri kuliko waliomcheka.

Vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, sisi ni miongoni mwa waliovuka Ruvuma kuingia Tanganyika, ambayo mwaka huohuo ndiyo ikawa Tanzania. Nikakulia huko, nikasoma shule ya FRELIMO, chama cha ukombozi, huko Tunduru, kisha Bagamoyo. Fikiria jambo lenyewe: watoto wa Msumbiji tunafundishwa Kireno katika nchi ya Kiswahili. Nje ya darasa kila kitu ni Kiswahili, maji, kuni, mpira, matusi. Ndani ya darasa, *ditado*. Mwalimu anasoma, sisi tunaandika tunachosikia. Nakumbuka mlio wa penseli fupi kwenye karatasi, harufu ya chaki na ya moshi wa kuni mbichi kutoka jikoni, na sauti ya mwalimu wetu, mtu wa kusini, akizungusha *r* mpaka ikawa inatupita vichwani: *o rrrio, a rrrua, o carrro.*

Darasani tulikuwa mchanganyiko: Wamakonde wa Mueda, Wayao wa Niassa, sisi Wamwani, na Wamakhuwa. Kimakhuwa hakina *b*, wala *d*, wala *g*. Kina *p*, *t* na *k*, tena za aina mbili, moja kavu na moja yenye pumzi, tofauti ambayo sisi wengine tulishindwa hata kuisikia. Kwa hiyo Mmakhuwa akikutana na *bom dia* kwa mara ya kwanza, hutoka *pom tia*. Kulikuwa na kijana mmoja darasani, mpole, ambaye *ditado* zake zilikuwa zimejaa *p* na *t* mahali pasipo pake. Mwalimu hakumgombeza. Alikuja, akamshika mkono, akauweka shingoni pake mwenyewe. "Sikia hapa. Nikisema *pa*, koo limenyamaza. Nikisema *ba*, koo linatetema." Kisha akatuambia wote tushike makoo yetu. Basi tukakaa pale, darasa zima mkono shingoni, *pa, ba, pa, ba, ta, da*. Mpishi alikuja mlangoni kuona kuna nini, akarudi jikoni bila kusema kitu. Yule kijana aliipata *b* kabla ya jua kutua, akatembea nayo kambi nzima akiionyesha watu.

Kwa nini Kireno, utaniuliza, lugha ya yule tuliyekuwa tunapigana naye? FRELIMO ilikuwa imekusanya watu wa kabila na lugha nyingi, na viongozi waliona Kireno ndicho kisicho cha kabila la mtu yeyote. Lakini katika kambi, hasa Nachingwea, Kiswahili kilitembea sana, na wapiganaji waliporudi nyumbani walirudi na Kireno chenye irabu za Kiswahili. *Escola*, ambayo Lisbon huanza na *shk* kana kwamba *e* haipo, kwao ilikuwa *esikola*, silabi zote zimetoka, kila moja imevaa. Kireno kile ukikisikia ulijua: huyu alikuwa Tanzania. Kilikuwa cheti bila karatasi.

Mwaka 1975 tukapata uhuru, nami nikaja huku kusini, mji ukiitwa bado Lourenço Marques. Jina la Maputo lilikuja Februari 1976. Nilipata kazi ofisini, kusikiliza kanda za mikutano kutoka mikoani na kuzipiga taipu. Siku kutwa nina vidude masikioni, vyeusi, vizito, vinanuka plastiki iliyopata joto, na sauti za nchi nzima zinaingia kichwani mwangu. Unajua, mimi nchi yangu niliijua kwa masikio kabla ya kuitembelea. Nilijua mzungumzaji wa Gaza kwa namna alivyosukuma maneno mbele kwa nguvu. Hotuba za rais wetu wa kwanza, Samora Machel, mtu wa Chilembene hukohuko Gaza, zilikuwa hivyo: anatamka, anangoja umati ujibu, anatamka tena. Nilijua mtu wa Nampula kabla hajafika nukta. Na kaseti ikitoka Mueda au Mocímboa, nilikuwa natoa vidole kwenye taipureta nasikiliza kwanza, kwa raha tu, halafu narudisha nyuma kuanza kazi.

Wareno wengi walikuwa wameondoka, na pengo likazibwa na wageni waliokuja kusaidia. Tuliwaita *cooperantes*. Walitoka Bulgaria, Kuba, Ujerumani Mashariki, Chile. Waliozungumza Kireno walikuwa Wareno wa mrengo wa kushoto na Wabrazili waliokimbia utawala wa kijeshi kwao. Hapo ndipo masikio yangu yalipopata karamu.

Kantini yetu ilikuwa na meza ndefu ya mbao, birika la alumini lililobonyea, na chai ya Gurué, ambayo hata miaka ya dhiki haikutuangusha. Pale mezani alikaa mwalimu wa hesabu kutoka Porto, kaskazini mwa Ureno. Huko *v* hawaijali, wanaifanya *b*. Saa ya kazi ikifika alisimama akapiga meza: "*Bamos!*" Wenzake wa Lisbon walikunja uso, kwao *vamos* ni *vamush*. Wa Lisbon naye alisema sungura, *coelho*, kwa *a* mahali pa *e*, na wa Porto akasema hayo ndiyo maharibiko yenyewe. Walibishana kama ndugu, yaani bila kumaliza.

Wabrazili nao hawakuwa kitu kimoja. Dada wa Rio alikuwa na *ji* na *chi* kila mahali: *tia*, shangazi, kwake ni *chia*, na *carro* ikawa *kahu*, *r* imegeuka pumzi. Ila mwisho wa neno *s* yake ilikuwa *sh* kama ya Mreno. Mwenyewe alisema ni kwa sababu watu wa familia ya kifalme ya Ureno walihamia Rio mwaka 1808 wakimkimbia Napoleon, wakawaachia watu wa pale namna yao ya kusema. Mwenzake wa Recife, kaskazini mashariki mwa Brazili, hakuwa na *chi* hata moja. *Tia* yake ilikuwa *tia*, wazi kama yetu, na irabu zake alizifungua kwa ukarimu. Alipenda kukaa karibu nasi Wamsumbiji, alisema hapo ndipo anapumzika. Na *l* ya mwisho wote wawili waliigeuza *u*, nchi yao ikawa *Braziu*.

Asubuhi moja mtu aliuliza kama kuna maziwa. Neno ni *leite*. Wa Lisbon alisema *lait*, *e* ya mwisho ameimeza. Wa Porto alisema *leit*. Dada wa Rio, *leichi*. Wa Recife, *leiti*. Sisi tukasema *leite*, herufi zote mezani. Wakaanza kulipokezana neno hilo kuzunguka meza, kila mtu anamwiga mwenzake, mpishi naye akaitwa aseme lake, watu wakacheka hadi machozi. Maziwa yenyewe hayakuwapo. Hayakuwapo wiki ile wala iliyofuata.

Mwaka 1979 Brazili ilitoa msamaha kwa waliokuwa uhamishoni, na wakaanza kurudi kwao mmoja mmoja. Tuliwasindikiza uwanja wa ndege, tukalia. Kantini ikapoa. Mwalimu wa Porto alibaki kidogo, lakini *bamos* inataka mtu wa kuikunjia uso.

Miaka ya themanini nilipelekwa Lisbon kwa mafunzo. Nilikuwa nimekisema Kireno tangu utotoni, nimekipiga taipu kurasa kwa maelfu, na bado dereva wa teksi wa kwanza aliponisemesha nilisikia mvua ya *sh* tu. Wareno wa kule, irabu isiyo na mkazo huitia kaburini. *Telefone* inakuwa *tlfon*. Ukitaka kuelewa lazima ukubali kwamba nusu ya neno utaijaza mwenyewe. Mama mwenye nyumba nilimopanga alitoka Alentejo, kusini, nchi ya mizeituni na jua. Kireno chake kilikwenda taratibu kwa mwendo wa kuimba, na mwisho wa vitenzi aliongeza *i* ndogo: *comer*, kula, ikawa *comeri*. Tulielewana tangu siku ya kwanza. Aliniambia watu wa Lisbon walimcheka alipohamia mjini akiwa msichana, kwa hiyo dukani alikuwa akisema maneno machache. Nilishangaa. Nilidhani kuchekwa kwa ajili ya ulimi ni mambo yetu sisi tuliotawaliwa.

Jumapili nilipanda treni. Setúbal, mji wa wavuvi, nilikuta watu ambao kila *r*, hata ile nyepesi, huitoa kooni, na harufu ya dagaa wa kuchoma ikanikumbusha nyumbani hadi nikakosa raha. Lakini lililonikaa moyoni lilitokea palepale Lisbon, kwenye mgahawa mdogo. Nimeagiza kahawa, sikusema zaidi ya maneno matano. Mwanamume nyuma ya kaunta, mzungu wa makamo, akaacha kufuta glasi. "*A senhora é do norte*," akasema. Mama wewe ni wa kaskazini. Sikujua ana maana kaskazini ya wapi, mpaka alipotaja Cabo Delgado. Alikuwa amezaliwa Nampula, akaondoka kijana mwaka wa uhuru. Kisha akainamia kaunta akanisalimia polepole, kwa heshima yote, jinsi alivyosalimiwa na aliyemlea: "*Pom tia, mamã.*" Hakuwa anacheka. Macho yalikuwa yamemjaa. Kahawa alikataa nilipe.

Niliporudi nyumbani vita vya ndani vilikuwa vimepamba moto, barabara zimefungwa, na watu kutoka kila mkoa wakikimbilia mjini. Televisheni ilikuwa imeanza mwaka 1981, kwa majaribio, na baadaye zikaja tamthilia za Brazili. Ureno walikuwa wameshapata yao ya kwanza, *Gabriela*, mwaka 1977, na hata huko mitaa ilikuwa inapoa saa yake ikifika. Kwetu majirani walijazana chumba cha mwenye televisheni, watoto chini, wazee kwenye viti, na kesho yake kisimani wasichana wakasemezana *jia* na *chia*. Halafu miaka ya tisini yakaja makanisa kutoka Brazili. Nimeshakaa nikimsikiliza mchungaji kijana wa Gaza, ambaye hajavuka mpaka hata mmoja, akihubiri *Jezuish* kwa lafudhi ya Rio, na waumini wakiona ndiyo sauti yenyewe ya wokovu. Simlaumu. Mtu husema kama yule anayempenda.

Ninaowalaumu ni wengine. Katika ofisi moja nilikomalizia kazi yangu, kulikuwa na mwenzetu wa Nampula, hodari kuliko sisi wote katika kuandika. Ripoti zilikuwa zake, lakini zikisomwa mbele ya wakubwa alisoma mwingine, kwa sababu *p* zake zilionekana zitatuaibisha. Alikaa nyuma akisikiliza maneno yake katika mdomo wa mtu. Na ujue kwamba Kimakhuwa ndiyo lugha yenye wasemaji wengi kuliko zote Msumbiji! Lafudhi ya watu wengi kuliko wote ikaitwa kasoro, na kipimo kikawa Lisbon, mji ulio mbali maelfu ya kilomita, ambao watu wake hata na Porto hawakubaliani. Nilikasirika wakati ule, na hasira haijaniisha. Yule bwana watoto wake aliwakataza Kimakhuwa nyumbani. Leo wanasema *b* safi kabisa, na bibi yao aliyebaki kijijini alikufa bila kupiga nao soga.

Takwimu zinasema hivyohivyo kwa njia yao. Sensa ya mwaka 1980 ilikuta Kireno ni lugha ya kwanza kwa watu kama 1 tu katika kila 100. Sensa ya 2017 ilikuta zaidi ya 16. Wajukuu zangu wote wamo katika hao 16. Kireno ndicho walichonyonya nacho, wanaota nacho, wanagombana nacho. Ni chao, si cha mgeni tena, na hilo nalifurahia kweli. Ila wanakisema kwa ulimi ambao haukupitia lugha nyingine, na mimi nilizoea Kireno ambacho nyuma yake unasikia mama wa mtu. Simu nazo zinamalizia kazi. Mdogo wao kabisa anatazama Wabrazili mtandaoni tangu akiamka, na juzi ameniomba *leichi*. Nasikia hata Ureno wazazi wanalalamika kwamba watoto wao wanazungumza Kibrazili. Mwalimu wangu wa Porto sijui angesema nini.

Na kwetu Mocímboa ndiko kumetawanyika zaidi. Mashambulizi ya waasi wenye silaha yalianza pale Oktoba 2017. Agosti 2020 mji ukatekwa, mwaka mzima ukawa mikononi mwa waasi hao. Jamaa zangu wako Pemba, wako Nampula, wengine wamevuka Ruvuma kama sisi zamani. Watoto wao wanasoma na watoto wa Kimakhuwa, na nikiongea nao kwa simu nasikia Kireno ambacho sijawahi kukisikia, irabu za Kimwani na pumzi za Kimakhuwa pamoja. Sijui tukiite nini. Wanakisema haraka, hawajali.

Mjukuu wangu mkubwa anasoma isimu Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, ambako Perpétua Gonçalves alitumia miaka mingi kukichunguza Kireno cha Msumbiji kama lugha yenye kanuni zake, na si kama rundo la makosa. Ananijia na simu, anaiweka mezani kando ya birika. "Vovó, sema *escola*. Sema *esperar*. Sema *carro*, halafu *caro*." Nasema. Ananionyesha mistari inayopanda na kushuka kwenye kompyuta, ananiambia kuna silabi nazivuta kuliko watu wa Maputo. Namwambia hicho ni Kimwani kinapita, kiache kipite. Anaandika.

Nikamlalamikia kwamba wao vijana wote wanasikika sawasawa. Akakataa kabisa. Alisema kijana wa Matola na kijana wa Beira yeye anawatofautisha kwa sentensi moja, ni mimi tu siwasikii, kwa kuwa nasikilizia vitu vya zamani. Huenda. Lakini nikamuuliza, wale wa *pom tia* umewarekodi? Akanyamaza kidogo, akasema wengi wao wakiona simu wanabadili sauti, wanasema kama redio. Kwa hiyo tumekubaliana, nauli ikipatikana, mwezi wa saba tuende Nampula pamoja, mimi nizungumze nao na yeye akae kimya na simu yake mfukoni, tukiwa tumewaomba ruhusa mapema. Nimemwambia wa kuanza naye nimeshampata: yule kijana wa Tunduru, sasa mzee wa msikiti mwenye vitukuu. Nimeongea naye kwa simu Ijumaa. *B* anayo bado, lakini huitoa akitaka tu, siku za wageni.